Washington, D.C.: Jinsi ya Kuuona Mji wa Bure Bila Kupoteza Siku

Washington ni kati ya miji mikuu michache duniani ambako karibu kila kikubwa cha kuona hakina kiingilio. Makumbusho ya Smithsonian, taasisi ya taifa ya makumbusho, ni bure, kumbukumbu za taifa ni bure, bunge ni bure, maktaba ni bure. Pesa yako haitaliwa na tiketi. Kitakacholiwa ni miguu na saa zako. Mgeni anayeondoka amenuna, mara nyingi ni yule aliyefika mlangoni na kukuta pasi za siku hiyo zimekwisha, au aliyeona kwenye ramani kwamba Capitol, jengo la bunge, na Lincoln Memorial zinatazamana akadhani ni hatua chache. Ni zaidi ya kilomita 3, kwenye uwanja wa wazi wenye kivuli kidogo, na mwezi wa Julai joto hupita nyuzi 30 pamoja na unyevu ambao mtu wa pwani ataufahamu mara moja.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Tukisema saa 4 asubuhi, pasi yako itakuwa imeandikwa 10:00. Wako waliokosa zamu zao kwa tofauti hiyo tu. Na ndani ya majengo, Wamarekani huhesabu sakafu ya chini kuwa ghorofa ya kwanza, kwa hiyo ukiambiwa upande ghorofa ya pili, ni ngazi moja tu.

Jifunze anwani kwanza

Mji ulichorwa mwaka 1791 na Mfaransa Pierre L'Enfant, na mchoro wake bado ndio unaokuongoza. Jengo la Capitol ndilo kitovu. Kutoka hapo mji umekatwa pande nne: NW ni kaskazini-magharibi, NE kaskazini-mashariki, SW kusini-magharibi na SE kusini-mashariki. Barabara za namba huenda kaskazini na kusini, za herufi huenda mashariki na magharibi, na zile zenye majina ya majimbo hukata mshazari. Herufi J imerukwa.

Hapa ndipo watu wanapopotea. Makutano ya 7th na D yako manne, moja kila upande wa Capitol. Ukimwandikia dereva anwani bila zile herufi mbili za mwisho, atakupeleka popote na hatakuwa amekosea. Ukishaelewa mpango huu, namba ya jengo inakuonyesha mahali: 1450 Pennsylvania Avenue NW ipo kati ya 14th na 15th. Simu ikizima chaji, bado utafika.

Dira ya pili ni mnara wa Washington wenyewe, mita 169, unaoonekana kutoka sehemu nyingi za mji. Unaonekana kwa sababu sheria ya mwaka 1910 inafunga urefu wa jengo na upana wa barabara iliyo mbele yake, kwa hiyo hakuna maghorofa marefu ya kuuziba. Utasikia watu wakisema sheria inakataza jengo kuizidi Capitol. Sivyo, kinachopimwa ni barabara.

Usafiri

Treni ya Metro ina njia sita zinazoitwa kwa rangi. Ukitua Dulles, panda Silver, ambayo ilifika uwanjani hapo Novemba 2022. Hesabu karibu saa nzima hadi katikati ya mji. Ukitua Reagan National, panda Blue au Yellow, kama dakika 20. Chagua Yellow ukiweza, maana hupita juu ya daraja la mto Potomac na unauona mji ukijifungua mbele yako. Uwanja wa tatu, BWI, uko Maryland, na kutoka huko unachukua treni ya reli hadi Union Station.

Siku za kazi nauli hufuata umbali, kuanzia dola 2.25 hadi 6.75. Wikiendi haizidi dola 2.50, jambo linalofanya Jumamosi kuwa siku nzuri ya safari za mbali. Kadi ya SmarTrip huuzwa dola 2 kwenye mashine, au gusa kadi yako ya benki moja kwa moja. Kila mtu awe na kadi yake: baba akigusa kadi moja kwa ajili ya familia, lango linamkataa wa pili. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi. Utagusa wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka, kwa kifaa kile kile. Ukiingia kwa simu ukatoka kwa kadi ya plastiki, mashine inaona watu wawili waliovunja safari, hata kama akaunti ni moja.

Ndani ya treni hakuliwi wala hakunywewi. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, kushoto ni kwa wanaotembea. Wenyeji ni wapole kwa mengi, lakini si kwa hili. Mtaa wa Georgetown hauna kituo: shuka Foggy Bottom utembee. Na kama mwongozo wako ni wa zamani kidogo, usiuamini kwa mabasi. Basi la Circulator lilifutwa mwisho wa 2024, na Juni 2025 njia za mabasi ya mji zilipewa majina mapya zote.

Kitu bure kina foleni yake

Makumbusho mengi ya Smithsonian hufunguliwa saa 4 asubuhi hadi saa 11:30 jioni, kila siku isipokuwa Desemba 25, na unaingia tu bila miadi. Machache yanataka pasi yenye saa, na hayo ndiyo ya kushughulikia wiki kadhaa kabla ya kupanda ndege: makumbusho ya historia ya Wamarekani Weusi, makumbusho ya anga na vyombo vya anga, na, nje ya Smithsonian, Maktaba ya Bunge. Pasi zote hazilipiwi na huchukuliwa kwenye tovuti ya kila taasisi. Mtu akikuuzia, ondoka. Ziara ya Capitol nayo ni bure, Jumatatu hadi Jumamosi, na huwekwa kwenye tovuti ya kituo chao cha wageni. Chupa ya maji iingie tupu, chakula kibaki nje kabisa, hata karanga.

Kupanda mnara wa Washington kuna njia mbili. Mtandaoni, kwa ada ya dola 1 kwa tiketi, siku 30 kabla. Au bure, siku yenyewe, kwenye kibanda kilichoko 15th Street chini ya mnara, kuanzia saa 2:45 asubuhi. Majira ya kiangazi foleni huanza mapema zaidi ya hapo. Lifti hukufikisha karibu mita 150 juu. Ukiwa chini, angalia rangi ya marumaru inavyobadilika karibu theluthi ya kwanza: ujenzi ulianza 1848, pesa zikaisha 1854, na waliporudi kazini miaka mingi baadaye mawe yalitoka machimbo mengine. Ulikamilika 1884.

Kila mlango una ukaguzi wa mabegi, na sanduku la safari halipokelewi karibu popote. Siku ya kuondoka, liache hotelini.

Jambo moja hakuna pasi inayoweza kulizuia: bunge likishindwa kupitisha bajeti, makumbusho ya serikali hufungwa, kama ilivyotokea Oktoba 2025. Kumbukumbu za nje hubaki wazi kutembelewa. Safari yako ikiangukia kipindi hicho, geuza mpango uelekee huko na kwenye mitaa.

Kumbukumbu ziende jioni

Ushauri wetu mkubwa ni huu: mchana kaa ndani ya makumbusho, kumbukumbu uzitembelee jua likishuka. Nyingi hazifungwi usiku, zina taa, joto limepungua na mabasi ya wanafunzi yameondoka. Anza kituo cha Smithsonian kama saa moja na nusu kabla ya machweo. Mzunguko mzima ni kilomita 6 hadi 7, saa tatu na ushee ukisimama kusoma. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea. Vipya vitakuadhibu kabla hujafika nusu.

Pita mnara, shuka kwenye kumbukumbu ya Vita Kuu ya Pili. Kuna ukuta wenye nyota 4,048 za dhahabu, na kila nyota inasimama kwa Wamarekani 100 waliokufa. Fuata ukingo wa kulia wa lile bwawa refu, na mwishoni kata kulia uteremke kwenye ukuta mweusi wa Vietnam, uliochorwa na Maya Lin na kufunguliwa 1982. Majina zaidi ya 58,000 hayakupangwa kwa alfabeti bali kwa tarehe ya kufa au kupotea. Yanaanzia katikati, panapokutana kuta mbili, yanakwenda hadi ncha ya mashariki, kisha yanaendelea kutoka ncha ya magharibi hadi kurudi katikati. Wa kwanza na wa mwisho wanakaa jirani. Alama ya almasi kando ya jina ni kifo kilichothibitishwa, msalaba ni aliyepotea. Kumtafuta mtu, tumia vitabu vya orodha vilivyo kwenye njia za kuingilia. Ukimwona mtu ameweka karatasi juu ya jina akisugua penseli, mpishe na usimpige picha. Huenda ni ndugu yake.

Kwa Lincoln, hesabu nguzo za nje: 36, idadi ya majimbo alipouawa. Sanamu ina karibu mita 6. Wengi hupiga picha na kuteremka bila kuangalia chini. Teremka ngazi 18 kutoka ukumbini utafute maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe: hapo ndipo Martin Luther King aliposimama Agosti 28, 1963. Simama mahali hapo hapo utazame bwawa na mnara. Hakuna picha inayokuonyesha ukubwa wa umati ule kama kusimama hapo kunavyokuonyesha.

Kulia ukiteremka kuna askari 19 wa chuma wa vita vya Korea, na usiku ndio wakati wao: wanaakisiwa kwenye ukuta wa granaiti wakawa 38, kama mstari wa latitudo uliogawa nchi ile. Kisha vuka barabara hadi kwa King. Anwani yake, 1964 Independence Avenue, imechaguliwa kwa mwaka wa Sheria ya Haki za Kiraia. Ingia kwa kupitia ule mwanya kati ya mawe mawili makubwa, si kwa pembeni. Msanii amekusudia uupite mlima wa kukata tamaa ndipo ulione jiwe la matumaini mbele.

Ukiwa na nguvu, endelea kuzunguka Tidal Basin hadi kwa Roosevelt na Jefferson. Miti ya mcheri inayozunguka maji ilianza na miche 3,020 kutoka Tokyo mwaka 1912. Huchanua mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, kilele ni siku chache tu, na upepo mmoja wa mvua unaweza kuimaliza. Bei za hoteli hupanda sana wakati huo.

Makumbusho ya historia ya Wamarekani Weusi

Ukiwa na nafasi ya makumbusho moja tu, nenda hapa. Yalifunguliwa Septemba 24, 2016. Mbunifu mkuu ni David Adjaye, mzaliwa wa Dar es Salaam kwa wazazi wa Kighana. Umbo la ngazi tatu linatokana na nguzo za kuchongwa za Wayoruba, na mabamba 3,600 ya rangi ya shaba yanafuata ufundi wa vyuma wa watumwa wa Charleston na New Orleans.

Wengi hukosea mpangilio. Usipande juu kwanza. Teremka kwa lifti kubwa hadi chini kabisa, karne ya 15, kisha panda polepole kwa miguu: biashara ya watumwa, uhuru, ubaguzi, harakati za haki, hadi leo. Sehemu ya chini peke yake inataka saa mbili na nusu, nayo ni nyembamba na giza kwa makusudi. Jeneza la kwanza la Emmett Till, mvulana mweusi aliyeuawa na wabaguzi mwaka 1955, lina chumba chake; hapo picha haziruhusiwi. Ukitoka, usikimbilie orofa za juu. Kaa kwanza kwenye ukumbi wa kutafakari, ambako maji yanamwagika kutoka darini. Muziki na michezo viko juu kabisa, na utavihitaji baada ya ulichokiona.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna uzi wa kuufuata. Watafiti wa makumbusho haya walishiriki kuutambua mabaki ya São José, meli ya Kireno iliyobeba mateka kutoka Kisiwa cha Msumbiji kwenda Brazil na kuzama karibu na Cape Town Desemba 1794. Habari hiyo ilitangazwa 2015. Biashara ile haikuwa ya Afrika Magharibi peke yake.

Mengine, kwa kifupi

Historia ya asili: hakuna pasi. Tembo wa ukumbini ametoka Angola. Pita haraka kwenye almasi ya Hope, karati 45.52, ambako msongamano haupungui, uende kwenye ukumbi wa asili ya binadamu. Smithsonian imechimba Olorgesailie, Kenya, kwa miongo kadhaa, na kazi hiyo inaonekana humo. National Gallery of Art, ambayo si ya Smithsonian ingawa nayo ni bure, ina mchoro pekee wa Leonardo da Vinci unaoonyeshwa hadharani katika mabara ya Amerika.

White House usiitegemee. Ziara za ndani kwa raia wa kigeni huombwa kupitia ubalozi wa nchi yao, na majibu si ya uhakika. Itazame kutoka Lafayette Square upande wa kaskazini, kisha uende kituo cha wageni pale 1450 Pennsylvania Avenue.

Makaburi ya Arlington, ng'ambo ya mto, yana kituo chake kwenye njia ya Blue. Beba kitambulisho. Kwenye kaburi la askari asiyejulikana, mlinzi hupiga hatua 21, husimama sekunde 21, hugeuka. Walinzi hubadilishana kila saa kuanzia Oktoba hadi Machi, na kila nusu saa Aprili hadi Septemba. Simama, nyamaza, zima mlio wa simu. Mlinzi humkemea kwa sauti anayecheka au kuvuka kamba.

Kula

Magari ya chakula kando ya National Mall, ule uwanja wa wazi kati ya Capitol na Lincoln, yanafaa kwa kupooza njaa, ila uliza bei kabla ya kuagiza, hasa kama haijaandikwa. Chakula chenyewe cha mji kiko mitaani.

Cha wenyeji ni half-smoke, soseji nene ya moshi, kwa kawaida ya nguruwe na ng'ombe kwa pamoja, ndani ya mkate na haradali, vitunguu na mchuzi mzito wa nyama. Asiyekula nguruwe aulizie ya ng'ombe au bata mzinga kabla haijawekwa jikoni. Ben's Chili Bowl, U Street, inaiuza tangu 1958. Kingine ni mabawa ya kuku ya kukaanga yaliyomwagiwa mumbo, mchuzi mwekundu mtamu wenye ukali wa siki, kwenye vibanda vya kubeba chakula. Mchuzi wote ukimwagwa juu chipsi hulainika njiani. Omba uwekewe pembeni.

Kisha Wahabeshi. Eneo la Washington lina mojawapo ya jamii kubwa za Waethiopia nje ya Ethiopia, na chakula chao hapa ni cha nyumbani kweli. Kodi ya pango imewasukuma wengi kutoka U Street hadi Silver Spring, mwisho-mwisho wa Red, na Alexandria. Agizeni sinia moja watu wawili au watatu. Injera, mkate wao mpana na laini, ndiyo sahani na ndiyo kijiko: kata kipande kwa mkono wa kulia, bana mchuzi, weka mdomoni, ile ya chini iliyolowa mchuzi iacheni mwisho, ndiyo tamu kuliko zote. Kitfo, nyama ya ng'ombe iliyosagwa, huja mbichi usiposema. Sema leb leb kama unataka ipashwe moto kidogo. Beyaynetu ya mfungo, yaani yetsom beyaynetu, ni mchanganyiko wa dengu, kunde na mboga, chakula cha mfungo wa Kiorthodoksi, kwa hiyo hakina nyama wala siagi. Mwislamu asiye na uhakika wa nyama ya mahali fulani aagize hiyo kwa utulivu. Mwenyeji akikulisha tonge kwa mkono wake, ni heshima; kukataa kunaumiza. Kahawa ya sherehe huja kwa mizunguko mitatu, basi usiiagize ukiwa na basi la kuwahi.

Soko la samaki la Maine Avenue lipo tangu 1805. Kaa wa bluu huuzwa kwa dazani, wameshapikwa kwa mvuke na kupakwa viungo vya Old Bay. Mwisho wa kiangazi hadi Oktoba ndio wanene. Vunja ule ulimi wa tumboni, bandua gamba la juu, ondoa vile vitu vyeupe vyenye manyoya pembeni, haviliwi, kisha vunja mwili katikati. Usijiguse macho.

Bei ya menyu si bei ya kulipa. Kodi ya mgahawa ni asilimia 10, na bakshishi ya mezani ni asilimia 18 hadi 20. Soma bili kabla: mahali pengi siku hizi huongeza ada ya huduma humo humo, na mgeni asiyesoma hulipa mara mbili.

Mji wa watu, na vitabu vyako

Jioni moja ipe U Street. Kituo chake kinatokea kwenye kumbukumbu ya askari weusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, majina 209,145. Muziki wa hapa ni go-go, uliofanywa rasmi muziki wa mji mwaka 2020: ngoma hazikatiki kati ya wimbo na wimbo, mwimbaji anaita na ukumbi unaitikia. Kwa swala, msikiti wenye mnara wa Massachusetts Avenue, katikati ya mtaa wa balozi, uko wazi tangu 1957. Nenda mapema Ijumaa.

Na usiondoke Maktaba ya Bunge baada ya kupiga picha dari tu. Maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu 1966, inayokusanya vitabu na magazeti ya ukanda wetu, na Kiswahili kimo. Kuvisoma unahitaji kadi ya msomaji: ni bure, umri kuanzia miaka 16, hutolewa jengo la Madison kwa pasipoti. Tafuta kitabu kwenye orodha yao ya mtandaoni siku moja kabla, andika namba yake ya rafu, uende nayo kwenye chumba cha kusomea cha Afrika na Mashariki ya Kati.